Mashine Ikisema Inaumwa, Nani Atasikia?

Msomaji mpenzi, pengine wewe wakaa mbali na bahari, huko milimani au kwenye mashamba ya mahindi, wala hujapata kufika kisiwa cha Mafia. Si neno. Leo twende pamoja, maana habari hii yakuhusu hata kama hujaonja maji ya chumvi. Ni habari ya mashine, na ya watu wanaozitunza, na ya kazi ambayo huenda mwanao akaifanya kesho.

Mafia iko mashariki ya mdomo wa mto Rufiji, katika Mkoa wa Pwani. Msafiri wa bara hupanda chombo Nyamisati, akashuka Kilindoni, ndio makao ya wilaya. Wakazi wake ni zaidi ya 60,000, na wengi wao ni wavuvi na wakulima wa minazi. Ukisimama ufukoni utaona vyombo vikirudi, na watu wakishusha samaki, kamba na pweza. Maji yakitoka, akina mama nao huenda kwa miguu mpaka mwambani, wakainama juani kutafuta pweza katika mashimo ya mawe.

Sasa fikiri kidogo. Pweza hakai. Akitoka majini hutakiwa kuingia katika barafu, kisha katika chumba cha baridi kali, nyuzi 18 chini ya sifuri, mpaka asafirishwe. Baridi hiyo haiji yenyewe. Hutengenezwa na mashine iitwayo kompresa, ambayo huzungushwa na mota, na mota hula umeme. Umeme wa Mafia nao kwa miaka mingi umetoka katika jenereta za dizeli za TANESCO, kwa kuwa kisiwa kilikuwa mbali na gridi ya taifa. Huko Ng'ombeni ulijengwa pia mtambo wa kupata umeme kwa kuchoma minazi iliyozeeka.

Basi utaona jinsi mambo yalivyoshikana. Jasho la mama yule aliyeinama mwambani hutegemea kompresa, na kompresa hutegemea beringi, kipande cha chuma kisichozidi kiganja cha mkono. Beringi ikishika usiku, mota husimama. Mota ikisimama, baridi hupungua. Baridi ikipungua, mali ya watu wengi huoza. Na duka la beringi ya namna hiyo liko Dar es Salaam, ng'ambo ya maji.

JAHAZI HALINGOJI KUZAMA

Watu wa Mafia wajua kutunza vyombo tangu zamani. Katika kisiwa kidogo cha Jibondo, kusini ya kisiwa kikubwa, wapo mafundi wanaosifiwa kwa kuunda majahazi. Wajuzi hao hawangoji chombo kizame ndipo watafute pamba. Chombo hupandishwa pwani, kikakaguliwa ubao kwa ubao, nyufa zikatiwa kalafati, mbao zikapakwa mafuta. Nahodha mzuri akiwa baharini husikia kwa mwili wake kama chombo kimebadili mwendo, wala hangoji kuambiwa kwamba maji yanaingia.

Lakini mashine ya chuma tumezoea kuitendea vingine. Twasema, "Maadamu inazunguka, iache." Ikipiga kelele twaongeza sauti ya redio. Ikikatika ndipo twamkimbilia fundi, naye aja na spana na masikitiko, maana kilichokuwa kidonda kimekuwa maiti. Hiyo ndiyo namna ya kwanza ya kutunza mashine: kungoja ife. Wahenga walikwisha tuonya: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Namna ya pili ni ya kalenda. Kila baada ya saa kadhaa za kazi fundi hufungua mashine, akabadili oili na chujio, akatoa vipuri vya zamani na kutia vipya, hata kama vya zamani vingali vizima. Namna hii ni bora kuliko ya kwanza, na kwa oili na chujio yafaa sana. Lakini ina kasoro yake, na kasoro hiyo iligunduliwa kwa njia ya ajabu.

Katika Vita Kuu ya Pili, Waingereza walikuwa na ndege za kulinda meli zao dhidi ya nyambizi za Wajerumani. Mtaalamu mmoja wa elimu ya viumbe, jina lake Conrad Hal Waddington, aliwekwa pamoja na wenzake kuchunguza kwa nini ndege hizo zilikaa sana chini zikitengenezwa. Walipopanga hesabu zao waliona jambo ambalo hakuna aliyelitazamia. Ndege zilikuwa zikikaguliwa kila baada ya saa 50 za kuruka, na matatizo yalizidi mara tu baada ya ukaguzi, kisha yakapungua polepole. Maana yake nini? Kufungua kitu kizima bila sababu huweza kukiharibu. Nati hubaki imelegea, uchafu huingia, kipuri kipya huwa na kasoro yake.

Mwaka 1978 wahandisi wawili wa shirika la ndege la United Airlines la Marekani, Nowlan na Heap, wakatoa taarifa kubwa. Walitazama vipuri vya ndege wakaona kwamba 89 katika kila 100 havikuwa na umri maalumu wa kuchakaa. Viliweza kuharibika mapema au kwa kuchelewa, na kalenda haikuweza kusema lini. Basi swali likageuka. Watu wakaacha kuuliza, "Mashine hii ina umri gani?" wakaanza kuuliza, "Leo inajisikiaje?"

MASHINE YAPEWA KINYWA

Hilo, msomaji, ndilo swali ambalo viwanda vya siku hizi hujibu kwa kompyuta. Juu ya mota au jenereta hufungwa vidude vidogo viitwavyo vihisio. Kimoja hupima mtetemo, kingine joto, kingine nguvu ya umeme unaoingia, kingine mgandamizo wa oili. Havilali usiku wala havichoki. Kila wanachopima hupelekwa kwa waya au hewani mpaka kwenye kompyuta, nayo hulinganisha habari za leo na za jana na za mwezi uliopita. Ikiona jambo lisilo la kawaida humtumia fundi ujumbe katika simu yake.

Usidhani ni uchawi. Chukua jenereta inayozunguka mara 1,500 kwa dakika, yaani mara 25 kwa sekunde. Ndani ya beringi yake mna gololi zinazobingirika katika njia yake. Njia hiyo ikipata ufa mwembamba kama unywele, kila gololi ipitayo hapo hugonga kidogo. Sikio lako halitasikia, lakini kihisio husikia. Na kwa kuwa fundi anajua idadi ya gololi na mwendo wa mashine, aweza kupiga hesabu akajua kama ugonjwa uko katika pete ya nje, pete ya ndani, au katika gololi yenyewe, bila kufungua hata nati moja.

Na ugonjwa wa beringi una hatua zake, kama homa. Kwanza hutoa mlio mwembamba usiosikika na mwanadamu. Kisha mtetemo huzidi. Kisha joto hupanda. Baadaye ndipo sikio la fundi husikia, na mkono wake huhisi. Mwisho ni moshi. Kati ya dalili ya kwanza na moshi huweza kupita majuma, pengine hata miezi. Mwenye kungoja moshi hana tena la kuamua, ila mwenye kushika dalili ya kwanza ana muda wa kujipanga.

Oili nayo husema. Tone dogo likipimwa katika maabara hutoa siri za injini. Ikionekana chuma nyingi, huenda silinda au ringi zinalika. Ikionekana shaba, tazama bushi na beringi. Ikionekana mchanga, chujio la hewa limepasuka. Na chumvi ikionekana, huenda maji ya kupozea au ya bahari yamepata njia ya kuingia. Kwa kisiwa chenye upepo wa chumvi na njia za mchanga, hayo mawili ya mwisho si mambo madogo.

KWA NINI KISIWANI ZAIDI?

Mwenye kiwanda mjini Dar es Salaam, mota yake ikifa asubuhi, aweza kutuma mtu dukani na kupata nyingine kabla ya jioni. Mwenye kiwanda Kilindoni hana bahati hiyo. Lazima aagize, angoje chombo, na kama ni miezi ya kusi, bahari ikichafuka, angoje tena. Kwake yeye onyo la majuma matatu ni sawa na mali kubwa. Aweza kuagiza kipuri bila haraka, akachagua siku ambayo wavuvi hawana samaki wengi, akazima mashine kwa hiari yake, akaifunga tena kesho yake. Kipuri ni kile kile, na kazi ni ile ile. Kilichobadilika ni kwamba hakuna pweza aliyeoza.

Kwa hiyo usikubali mtu akuambie kwamba mambo haya ni ya Wazungu na viwanda vikubwa tu. Aliye mbali na duka ndiye anayehitaji zaidi kujua mapema. Na wewe wa kijijini, ambaye mashine yenu ya kusaga ikikatika mkanda watu hulala bila unga, u karibu na Mafia kuliko unavyodhani.

JE, FUNDI ATAFUKUZWA?

Najua swali lililo moyoni mwako. Ikiwa mashine yaweza kusema inaumwa, ya nini kumsomesha kijana ufundi? Je, si kompyuta itachukua kazi yake?

Tusidanganyane. Kazi nyingine zitapungua. Mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuzunguka na daftari akisoma saa za joto atakuta kihisio kimemtangulia. Lakini kihisio hakishiki spana. Chaweza kusema, "Hapa pana mtetemo," lakini hakijui kwamba jana mtu aliegesha boriti juu ya msingi wa mashine. Tena programu iliyofundishwa kwa mashine za nchi baridi huenda ikatishika bure kwa joto la pwani, au ikaacha kutishika panapofaa. Anayeamua ni fundi aliye pale, aliyeizoea mashine yake kama mchungaji alivyozoea ng'ombe wake.

Nasi tulipata somo katika mwezi wa Mei mwaka 2024. Tarehe 4 kimbunga Hidaya kilifika pwani ya Tanzania, na Mafia ikawa miongoni mwa mahali palipopigwa. Siku nane baadaye, Jumapili tarehe 12, nyaya mbili kubwa za mawasiliano zinazopita chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ikadorora katika Tanzania na nchi jirani. Jiulize: kiwanda ambacho habari zake zote hupelekwa kwanza Ulaya ndipo zirudi na shauri, siku ile kingefanya nini? Kingekuwa kama mgonjwa ambaye daktari wake yuko ng'ambo na simu imekatika.

Ndiyo maana wenye busara huweka kompyuta ndogo papo hapo penye mashine, ifanye hesabu zake hata intaneti ikikosekana. Na zaidi ya hapo, huweka mtu anayeweza kusoma hesabu hizo kwa macho yake na kuzielewa.

UFUNGUO WAKAA KWA NANI?

Kuna jambo jingine ambalo wanunuzi husahau. Mashine za siku hizi huja na programu, na programu huja na kufuli. Yaweza kutokea kwamba fundi wenu ajua ugonjwa, ana kipuri mkononi, lakini mashine yakataa kuwaka mpaka mtu wa kampuni iliyoiunda aifungue kwa kompyuta yake. Wakulima wa Marekani walilalamika sana juu ya matrekta ya namna hiyo. Mwaka 2023 jimbo la Colorado likatunga sheria, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2024, ya kuwalazimisha watengenezaji wa mitambo ya kilimo wawape wakulima na mafundi wao vipuri, zana, vitabu na programu za kutengenezea.

Basi chama cha ushirika, au parokia, au kikundi cha akina mama kikinunua mashine, kiulize kabla ya kutoa fedha: Kitabu cha matengenezo kiko wapi? Vipuri vyapatikana wapi? Kijana wetu atafundishwa? Na habari ambazo mashine itatoa zitakuwa za nani, zetu au za aliyetuuzia? Mashine rahisi bila majibu hayo huja kuwa ghali baadaye.

Tusisahau tulikotoka. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 nchi ilijenga viwanda vingi. Ilipofika miaka ya 1980, vingi vilikuwa vikifanya kazi chini sana ya uwezo wake. Sababu zilikuwa nyingi: fedha za kigeni zilikosekana, umeme na maji vilikatika, vipuri havikupatikana. Wafanyakazi walikuwepo na mashine zilikuwepo, lakini zilisimama moja baada ya moja, na watu wakarudi makwao mikono mitupu. Kujenga kiwanda ni sherehe ya siku moja, lakini kukitunza ni kazi ya kila asubuhi. Tukinunua vihisio na kusahau watu, tutakuwa na mashine zinazosema vizuri sana kwamba zinakufa, na hakuna wa kuzisikia.

MZAZI AFANYE NINI?

Fundi wa kesho hutakiwa kuwa na mikono miwili yenye kazi mbalimbali: mmoja wa spana, mmoja wa hesabu. Mtoto anayechukia hesabu atapata taabu, kwa maana mtetemo, joto na mgandamizo vyote husemwa kwa tarakimu. Mtoto anayeogopa grisi naye hatafaa, kwa maana tarakimu hazikazi nati. Usimwambie mwanao kwamba ufundi ni wa walioshindwa shule. Neno hilo limeharibu vijana wengi.

Mahali pa kujifunzia papo. Vyuo vya VETA, mamlaka iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, hufundisha umeme, ufundi mitambo, magari na mengineyo. Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam ilianza kama chuo cha ufundi mwaka 1957, ikapata hadhi yake ya sasa mwaka 1997. Wala usimsahau binti yako. Kusoma mtetemo hakuhitaji misuli ya kubeba gunia. Kwahitaji akili tulivu na macho makini, na hayo binti zetu wanayo.

Lakini shule ya kwanza ni hapo hapo kijijini, penye mashine ya kusaga. Nunueni daftari moja, lifungeni kwa kamba ukutani, na kila siku mtu mmoja aandike mambo haya:

Kwanza, tarehe na saa ambazo mashine imefanya kazi. Pili, kiasi cha oili na mafuta kilichoongezwa. Tatu, joto la beringi. Mashine ikisha zimwa na kusimama kabisa, weka mkono juu ya kasha lake. Ukishindwa kuuacha hapo, andika. Nne, sauti. Sikiliza kila siku saa ile ile, ukisimama mahali pale pale, mbali na mkanda, na nguo zako zimefungwa vizuri. Ikibadilika, andika hata kama hujui sababu. Tano, kilichotengenezwa, aliyekitengeneza, na bei yake.

Baada ya miezi sita fungueni daftari mkasome tangu mwanzo. Mtaona kwamba mkanda haukukatika ghafula. Kulikuwa na siku ulipoanza kulia, na siku joto lilipozidi, na siku oili ilipopungua bila sababu. Kompyuta ya kiwanda kikubwa hufanya kazi hiyo hiyo, ila kwa haraka zaidi na bila kusinzia. Kijana aliyezoea daftari la mashine ya unga, siku atakapopewa kioo cha kompyuta hatashangaa. Ataona daftari lake limepata taa.

Turudi Kilindoni tukaagane. Jua limetua, vyombo vimepandishwa, na katika chumba cha baridi pweza wa leo wamelala katika barafu. Kompresa inanguruma gizani. Mama aliyewatoa mwambani hajui jina la beringi wala hana haja ya kulijua. Amekwisha fanya kazi yake. Ametumaini kwamba yuko mtu mwingine, penye mashine ile, anayefanya ya kwake. Mtu huyo aweza kuwa mwanao, msomaji. Mfundishe kusikiliza.